Miguu ya mbele ya Impreza: anza na raba, springi baadaye

Subaru Impreza yenye turbo, iwe GC8 ya miaka ya 1990 au GDA na GDB zilizofuata (hizi ni namba za modeli), ina pua nzito. Injini yake ya boksa imekaa mbele ya ekseli ya mbele, na karibu asilimia 60 ya uzito wote unabebwa na magurudumu mawili ya mbele. Mzigo huo ndio unaozimaliza bushi (raba za viungo), mauntingi (vishikizo vya juu vya shokapu) na boljointi (viungo vya duara vya gurudumu) kabla ya kitu kingine chochote, na ndio unaofanya gari likatae kukunja ukiingia kona kwa kasi: unazungusha usukani, pua inasukuma kwenda nje.

Wengi wakiona hivyo hukimbilia koilova, yaani shokapu na springi zilizofungwa pamoja, zinazorekebishwa urefu. Uzoefu wa miaka na magari haya, kwenye lami yenye matuta na kwenye changarawe, unanielekeza kwingine. Mpangilio unaolipa ni huu: kwanza raba na viungo, pili shokapu, tatu springi na urefu wa gari, na stabilaiza, chuma kinachounganisha kushoto na kulia ili gari lisilale sana kwenye kona, mwisho kabisa. Ukigeuza mpangilio huo, utafunga koilova ya bei kubwa juu ya mkono wa chini (chuma kinachoshikilia gurudumu kutoka chini) uliolegea, na gari litaendelea kuyumba likifunga breki kama lilivyoyumba jana. Tofauti ni kwamba sasa litakurusha pia.

Kabla ya kununua chochote, pima. Inua mbele, weka stendi chini ya sehemu za bodi zilizotengenezwa kwa kuinulia, acha magurudumu yaning'inie. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, ni beringi ya hab au boljointi. Mwambie mwenzako akanyage breki huku unatikisa: mchezo ukipotea, ni beringi, ukibaki, weka macho kwenye boljointi. Kisha shika tairi kushoto na kulia. Mchezo wa upande huo ni wa tairodi endi au reki ya stelingi. Kwenye Impreza boljointi haibebi uzito wa gari, kwa sababu uzito unapita kwenye shokapu hadi mauntingi ya juu, ndiyo maana ipimwe gurudumu likiwa hewani.

Baada ya hapo ingia chini na wenzo. Mkono wa chini una bushi mbili: ya mbele, ndogo, inayopitishwa bolti kwenye krosmemba, na ya nyuma, kubwa zaidi, iliyo ndani ya mabano yake. Ya nyuma ndiyo mgonjwa wa kudumu. Isukume kwa wenzo utazame raba. Ikiwa imeachana na chuma au ina ufa unaozunguka, gurudumu linarudi nyuma kila ukifunga breki na kwenda mbele kila ukikanyaga mafuta. Dereva huhisi usukani ukivuta upande mmoja, na mara nyingi fundi huishia kubadilisha tairi au disiki bure.

Mlio wa kugonga kwenye matuta madogo, mwendo wa polepole, mara nyingi ni linki za stabilaiza. Ni miongoni mwa spea za bei ndogo huku mbele, anza nazo. Mlio unaotoka ukizungusha usukani gari likiwa limesimama, pamoja na springi kuruka kidogo, ni beringi au raba ya mauntingi ya juu. Fungua boneti, mwenzako azungushe usukani, weka vidole juu ya mauntingi: ikiwa imechoka utaisikia mkononi.

Sasa uchaguzi. Kwa bushi za mkono kuna njia mbili, raba ngumu na polyurethane. Raba imeshikamana na chuma ndani na nje, kwa hiyo mkono ukipanda na kushuka raba yenyewe inajikunja. Polyurethane inazunguka juu ya kibomba cha chuma, na bila grisi italia kila tuta. Ipakwe grisi ya silikoni inayokuja nayo kwenye pakiti, si ile ya kawaida ya petroli. Gari la barabara nzuri na la mashindano ya lami linafaidika na polyurethane, maana usukani unakuwa mkali na wa haraka. Gari linalotembea mashimo kila siku nalifungia raba ngumu ya aina ya Group N (daraja la ralli la magari yaliyo karibu na ya kiwandani) kwenye bushi ya nyuma na kwenye mauntingi ya juu. Inapunguza mchezo bila kupeleka kila jiwe kwenye bodi.

Kuna pia kifaa kinachouzwa na Whiteline, watengenezaji wa spea za miguu, kinachobadilisha mabano ya bushi ya nyuma ya mkono. Kinashusha sehemu hiyo ya kushikia, kinaongeza kasta (mwinamo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma) kwa takriban nusu digrii, na kinabadilisha namna pua inavyonyanyuka na kuinama. Gari linashika mbele vizuri zaidi likitoka kwenye kona, na usukani unarudi wenyewe kwa nguvu. Lakini mabano yanakaa chini zaidi kuliko ya kiwandani. Kama njia yako ya nyumbani ina matuta makali au mawe, hesabu hilo kabla ya kulipa.

Kwenye shokapu uamuzi unategemea barabara kuliko nguvu za injini. Kwa matumizi ya kila siku, KYB Excel-G juu ya springi za kiwandani, pamoja na mauntingi mpya, hurudisha gari kwenye heshima yake kwa bei inayoeleweka. Shokapu za GDB zilizotolewa Japani zina muundo wa kupinduliwa, mwili mnene juu na fimbo chini, na hustahimili nguvu za pembeni kuliko za kawaida. Zikikauka grisi ndani zinaanza kugonga, na watu huzitupa wakidhani zimekufa, kumbe kazi ni kuzifungua, kuzisafisha na kupaka grisi upya. Angalia tu modeli: GDB za kuanzia 2005 zina hab za 5x114.3 badala ya 5x100, na sehemu kadhaa za miguu yake zilibadilika. Nunua kwa namba ya chesisi, usinunue kwa jina la gari.

Shokapu za Forester huingia mbele ya Impreza na kuinua gari, na kwa watu wa changarawe hilo si wazo baya. Impreza zilizoshinda Safari Rally, ya Colin McRae mwaka 1997 na ya Richard Burns mwaka 2000, zilikuwa na shokapu za mwendo mrefu na nafasi kubwa chini ya tumbo. Gari la kasi kwenye barabara mbovu huhitaji gurudumu lipate mahali pa kwenda, juu na chini.

Hapo ndipo hesabu ya springi inapoingia, na ningependa kila anayetaka koilova aifanye mwenyewe. Kila kona ya mbele ya Impreza hubeba kama kilo 350 juu ya springi. Springi ya kilo 3 kwa milimita, yaani kila kilo 3 huibonyeza milimita moja, ambayo ni jirani na za kiwandani, itabonyea milimita 117 gari likisimama. Ya kilo 5 itabonyea milimita 70. Ya kilo 8 itabonyea 44 tu. Umbali huo ndio ambao gurudumu linaweza kushuka kufuata shimo kabla springi haijaachia kabisa. Kwa springi ya kilo 8, shimo la sentimita 6 linamaanisha tairi limeachana na ardhi, na tairi lililo hewani halifungi breki wala halikunji. Koilova nyingi za Impreza huja na springi za kati ya kilo 5 na 8. Kwa barabara zetu, mbele nisingependekeza zaidi ya 5, na hata hiyo ni kwa mtu anayejua anachotafuta.

Kosa linalofuatana na hilo ni kukaza ringi ya springi ili kuinua gari. Koilova nzuri zina sehemu mbili za kurekebisha: ringi inayoshika springi, na mwili wa chini unaojizungusha ndani ya mabano ili kuongeza au kupunguza urefu wote. Springi ikazwe hadi isicheze kwa mkono, basi. Urefu wa gari uwekwe kwa mwili wa chini. Ukiibana springi ya kilo 8 kwa milimita 10 zaidi, haiwi ngumu zaidi, lakini ule umbali wa kushuka unabaki 34.

Kulaza gari chini nako kuna mpaka, na mpaka unaonekana kwa macho. Tazama mkono wa chini kutoka mbele, gari likiwa chini kwenye magurudumu yake. Unapaswa kuwa sawa na ardhi, au uinamie kidogo upande wa gurudumu. Ukiona umepinda kwenda juu upande wa gurudumu, umepita. Katika hali hiyo gari likilala kwenye kona gurudumu linazidi kusimama kwa nje badala ya kuegemea ndani, kitovu cha mlalo (nukta ambayo bodi hulalia kwenye kona) kinashuka haraka kuliko uzito wenyewe, na gari lililolazwa linaanza kulala zaidi kuliko la kiwandani. Tairodi nayo imebadilisha pembe, kwa hiyo kila tuta linausukuma usukani. Dawa yake ni boljointi na tairodi endi ndefu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, zote mbili pamoja. Moja bila nyingine huongeza tatizo. Milimita 20 hadi 25 kutoka urefu wa kiwandani inatosha, na haidai dawa yoyote. Pima kutoka katikati ya hab hadi ukingo wa fenda, si kutoka ardhini, ili upepo wa tairi usikudanganye.

Springi fupi juu ya shokapu za kiwandani ni njia ya kuua shokapu. Fimbo inaishi karibu na raba ya kugotea, inagota kila tuta, na baada ya muda sili inaanza kuvuja. Kama lazima ulaze, nunua springi na shokapu zilizopangwa pamoja.

Mtumba wa Japani ni soko zuri, ila kagua kwa mikono yako. Toa vumbi la raba uone fimbo: mkwaruzo wowote unaoshikwa na ukucha ni sili iliyokufa. Bonyeza shokapu hadi chini uiachie. Yenye gesi hurudi yenyewe, polepole na bila kusita katikati. Zungusha kifundo cha ugumu kutoka mwisho hadi mwisho, hesabu midundo yake, na uhakikishe kushoto na kulia zina idadi sawa. Jaribu ringi: ikiwa nyuzi zimeliwa na kutu hutaweza kurekebisha kitu. Boljointi, tairodi endi na linki usizichukue mtumba kabisa. Na kwa mpya, jihadhari na feki: raba nyembamba inayopasuka ukiikunja kidogo, namba isiyo na kina kwenye chuma, kiungo kinachozunguka kwa ulegevu kingali kwenye boksi.

Kufunga. Usiku wa kuamkia kazi, mwagia mafuta ya kulegeza kutu bolti mbili za shokapu, bolti inayobana boljointi kwenye chuma cha hab, na nati za linki. Asubuhi legeza nati za magurudumu gari likiwa chini, inua, weka stendi. Jeki peke yake isitegemewe.

Ondoa bano la mpira wa breki na waya wa ABS kwenye shokapu kabla ya kitu chochote. Waya huo ukivutwa, taa ya ABS itawaka na utatafuta ugonjwa usiokuwepo. Weka alama ya rangi kwenye bolti ya juu kati ya zile mbili zinazoshika shokapu na chuma cha hab, kwa sababu ndiyo ya kemba (mlalo wa gurudumu ndani au nje ukilitazama kutoka mbele): kichwa chake si duara kamili, na mahali kiliposimama ndipo kipimo chako cha kuanzia. Toa bolti zote mbili, huku sehemu ya juu ya chuma cha hab umeifunga kwa waya kwenye bodi. Ukikiacha kianguke kwenda nje, jointi ya ndani ya shafti inachomoka, na kazi ya saa mbili inageuka kuwa ya siku nzima. Nati tatu ndogo juu ya mnara, sehemu ya bodi inayoshika shokapu kwa juu, spana namba 12, ziwe za mwisho, mkono mwingine ukiwa umeshika shokapu.

Nati ya katikati ya mauntingi usiiguse kabla springi haijabanwa kwa vibanio viwili vilivyokaa pande mbili zinazotazamana. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja mkono au fuvu, na hilo silisemi kwa kutisha. Ukiirudisha, shika fimbo kwa spana yake huku ukikaza nati. Mashine ya upepo inaizungusha fimbo ndani ya sili na kuiharibu kabla gari halijatoka gereji.

Boljointi inashikwa na bolti inayopita kwenye mfereji wa shina lake. Bolti hiyo itoke yote, siyo ilegezwe tu, kabla hujavuta. Kama chuma kimebana, fungua nafasi kidogo kwa patasi nyembamba. Kabari nene hupasua chuma cha hab, na hapo gharama ni nyingine. Kotapini ziwe mpya kila mara.

Nguvu za kukaza kwa GDA na GDB ni hizi. Za GC8 zinatofautiana mahali fulani, fuata kitabu chake. Bolti mbili za shokapu 175 Nm. Nati tatu za juu 20. Nati ya katikati 55. Bolti ya kubana boljointi 50, na nati yake kwenye mkono wa chini 39, kisha izungushwe mbele si zaidi ya digrii 60 hadi tundu la kotapini lionekane. Tairodi endi 27, kwa utaratibu uleule. Linki 45. Usirudishe nati nyuma kutafuta tundu. Zile bolti za shokapu zisikazwe kwa kukisia: zikiwa legevu, bolti ya kemba inateleza kwenye shimo la kwanza kubwa na gari linaanza kuvuta upande.

Jambo linalorukwa karibu kila gereji ni bolti za bushi za raba. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, raba inashikwa ikiwa imejikunja, na gari likishuka chini inabaki imesokotwa muda wote. Bushi mpya ya namna hiyo haikai. Ziingize kwa mkono, shusha gari juu ya magurudumu, au weka jeki chini ya hab na uinue hadi gari lianze kuachia stendi, ndipo ukaze kwa kipimo. Polyurethane haina sharti hilo kwa sababu inazunguka.

Kabla ya kushusha gari kabisa, funga gurudumu na uzungushe usukani mwisho hadi mwisho. Kati ya tairi na mwili wa koilova kuwe na angalau milimita 5. Kumbuka kwamba kemba ya kwenye bolti za chini inaisogeza tairi kuelekea koilova, wakati kemba ya kwenye bamba la juu (linalofungwa badala ya mauntingi ya juu) inalaza shokapu na tairi pamoja, nafasi haibadiliki. Mwenye rimu pana atafaidika na bamba la juu.

Wili alaimenti ifanyike hata kama umebadilisha upande mmoja tu, maana kemba ikisogea tou nayo (mwelekeo wa magurudumu ndani au nje ukiyatazama kutoka juu) husogea. Kwa gari la kila siku, kemba ya mbele ya -1 hadi -1.5, tofauti ya kushoto na kulia isizidi nusu digrii, na tou sifuri. Kwa siku za uwanja wa mashindano, -2 hadi -2.5. Tairi likiliwa ndani, wengi hulaumu kemba. Mara nyingi mla tairi ni tou.

Stabilaiza nimeiacha mwisho kwa sababu. Ugumu wake hupanda kwa kipeo cha nne cha unene: kutoka milimita 20 kwenda 22 unaongeza karibu asilimia 46, na kwenda 24 ni zaidi ya mara mbili. Ukiweka nene mbele kwenye gari lenye pua nzito, mara nyingi unazidisha lile tatizo la kukataa kukunja. Anza na ya nyuma, endesha, kisha uamue kama ya mbele inahitajika.

Springi mpya hukaa sawa baada ya kilomita 300 hadi 500. Ukifika hapo rudi chini ya gari na toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), pitia bolti za shokapu, boljointi na linki, pima tena urefu wa pande zote mbili, kisha rudia alaimenti. Kwa wanaopita changarawe, osha nyuzi za koilova kwa brashi na maji, zikauke, uzipake nta, na ukague raba za vumbi kila unapobadilisha oili ya injini. Iliyopasuka ibadilishwe wiki hiyohiyo, kwa sababu mchanga ukishafika kwenye fimbo, sili haina muda mrefu.